Moyo Uliopiga Mara 3,000

Uhandisi wa tiba ni fani inayotumia hesabu, umeme na ufundi wa mashine kuhudumia mwili wa binadamu, lakini katika Mutshatsha, mji ulio magharibi ya Kolwezi kwenye reli iendayo Dilolo, maelezo hayo hayajapata wafuasi. Huko anayesoma tiba ni mganga, anayesoma mashine ni fundi, na anayesoma vyote viwili huletewa, siku ileile ya kurudi likizo, mzee mwenye kikohozi pamoja na kinu cha mahindi kilichogoma, akitarajiwa kuwaponya wote wawili kabla bukari, yaani ugali, haijapoa.

Mwandishi wa insha hii, aliyekuwa mwanafunzi wa namna hiyo, alijivunia kuwaeleza jamaa zake kwamba kobalti, madini yanayochimbwa kwa wingi Lualaba, jimbo la mji huo, huchanganywa na kromu ili kutengeneza nyonga na magoti ya bandia, kwa kuwa mchanganyiko huo hauliwi upesi na kutu. Mjomba wake, aliyekuwa akilisugua goti lake mwenyewe, aliuliza kwa upole ni lini udongo huo utarudi nyumbani.

Aibu ilifuata mwanafunzi alipomfunga mjomba huyo nyaya za kifaa cha kupima umeme wa moyo, alichokiunda mwenyewe. Umeme huo, ukifika kwenye ngozi, ni wa takribani milivolti 1, yaani sehemu moja ya elfu ya volti, ilhali umeme wa nyumbani ni wa volti 220 na hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, hivyo kifaa kisichokingwa vizuri husikiliza ukuta na kumsahau mgonjwa. Mawimbi mazuri yalitokea, yakahesabiwa, ikatangazwa kwamba moyo unapiga mara 3,000 kwa dakika. Shangazi akaanza kulia; mjomba akasema sasa ameelewa kwa nini huchoka.

Kisha umeme ukakatika. Kifaa, kilichotumia betri, kiliendelea kuchora, na mapigo yakawa 72, jambo lililomfanya mjomba aamini hadi leo kwamba giza ni dawa ya moyo.

Wahandisi huuondoa uchafu huo wa umeme kwa kusokota nyaya pamoja, kuongeza waya wa tatu mguuni na kuweka kichujio. Hata hivyo, anayeianza fani hii na ashike kwanza mshipa wa kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akitazama saa, ndipo aiulize mashine.