Shangazi wa Santuri Anajibu

*Shikamoo Shangazi. Nilimsikia Chopin, yule mtunzi wa piano, redioni, nikampenda. Nikateremka hadi stendi ya Masasi kwa kijana anayejaza nyimbo kwenye memori kadi, akaniwekea arobaini kwa buku mbili. Zote kaziandika "Piano ya Usingizi". Kweli nalala, ila Chopin simuoni. — Msinziaji, Newala*

Marahaba, mwanangu. Uraka wa mabibo haununuliwi kwa kutazama ndoo. Unauliza kaukamua nani. Na piano ni hivyo hivyo. Hizo arobaini zako hazina jina la mpigaji, nami nahisi hata aliyezipiga hakutaka kujulikana. Rudi stendi, umtajie kijana jina: Arthur Rubinstein, zile nocturne za Chopin alizorekodi 1965. Alikuwa na miaka 78, na ilikuwa mara ya tatu anazirekodi. Anapiga kama mzee anayesimulia barazani: hana haraka, lakini hajaegemea ukuta. Ukitaka kuamka kabisa, chukua prelude 24 za Chopin alizopiga Martha Argerich miaka ya 1970. Ya mwisho inaishia kwa noti tatu za chini kabisa, moja moja, kama mtu anayegonga mlango wa bati saa nane ya usiku. Waonye majirani.

*Shangazi, malipo ya korosho yameingia. Mume wangu kanunua rekodi nne za muziki uleule mmoja, prelude za Chopin, ati hazifanani. Nimpeleke hospitali Ndanda? — Mke Mvumilivu, Masasi*

Usimpeleke bado. Mkalishe akupe kisogo, mpigie dakika moja ya kila rekodi, ataje nani ni nani. Akipatia tatu, ni mzima. Akikosa zote, fedha ya mnada ujao shika wewe. Ila kwanza angalia kama mpiga piano Alfred Cortot yumo. Prelude zake za 1933 na 1934 zina noti zilizokosewa waziwazi, tena si moja, na watu hawajaacha kuzisikiliza. Mpiga ngoma wa sindimba akiteleza pigo moja, nani aliwahi kuondoka uwanjani? Anayefukuza watu ni yule asiyekosea kitu na asiye na la kusema, na wa aina hiyo wamejaa tele. Cortot akiwemo, mpikie mumeo chakula kizuri.

*Piano ni mambo ya Wazungu. Mtu wa Newala inamhusu nini? — Mpenda Asili*

Inakuhusu kwa pembe. Karne ya 19 misafara, ya Wayao ikiwemo, ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Kilwa. Zikavuka hadi Unguja, na nyingi zikaishia Connecticut, Marekani, kwenye vimji vya Deep River na Ivoryton. Huko zilipasuliwa vipande vyembamba, vikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo mpaka vikawa vyeupe, kisha vikabandikwa juu ya vibao vya piano: kila kibao vipande viwili, kipana mbele, chembamba nyuma. Vibao vyeupe ni 52 kwa piano moja. Na katika waliobeba, wapo waliouzwa hukohuko pwani pamoja na mzigo. Misheni ya Masasi yenyewe, mwaka 1876, ilianza na watumwa walioachwa huru. Halafu unaniuliza inakuhusu nini.

(Na vibao vyeusi, ni mpingo wetu? Huo huenda zaidi kwenye klarineti. Usidanganywe.)

*Shangazi, bando limebaki la kupakua rekodi moja tu. Ipi? — Mkulima Aliyekopa*

Dinu Lipatti, waltz za Chopin, Besançon, Ufaransa, Septemba 1950. Waltz hizo ni 14. Julai ya mwaka huohuo alizirekodi zote studioni Geneva, safi kabisa, na wajuaji watakuambia uchukue hizo kwa kuwa zimekamilika. Waache. Besançon alipanda jukwaani akiwa mgonjwa sana, akapiga 13, nguvu zikamwishia. Ya 14 hakuipiga. Desemba akafariki, ana miaka 33. Pakua hizo 13, tena usiku, bando la usiku ni nafuu. Ila zima kile kitufe cha simu kinachoendeleza nyimbo chenyewe. Mimi sikukizima. Ya 13 ilipokwisha pakawa kimya kama sekunde mbili, ikaingia singeli, kuku wote wakashuka mkoroshoni.