Chui Asiye na Madoa

Kutengeneza nyumbani mashine ya gemu, kama zile za kutumbukiza sarafu, si kazi ya kutisha. Unataka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, televisheni ya zamani, mbao za MDF, joistiki na batani. Fundi seremala akishatoboa matundu ya milimita 30 kwa batani za kupigia na 24 kwa zile za kuanzia mchezo, umemaliza. Balaa liko kwenye picha ya kubandika juu ya ule ubao wa batani.

Wachoraji wa zamani walistarehe. Pac-Man ya mwaka 1980 ilikuwa na joistiki tu. Donkey Kong ya 1981 ikaongeza batani moja ya kurukia. Nafasi ya kuchora ilikuwa tele. Mwaka 1991 ikaja Street Fighter II na batani sita kwa kila mchezaji, ubao ukawa matundu matupu. Nyumbani kwangu kila mtu alitaka Street Fighter.

Mimi nyeusi tupu ingenitosha. Lakini Dar es Salaam hapana kitu kinachopakwa rangi bila mpira kuingia. Nyekundu? Shemeji, ambaye ni Yanga damu, akasema hagusi mashine ya Simba. Kijani na njano? Mama watoto akasema basi hiyo italala nje. Tukakubaliana bluu, mtoto akauliza tumehamia Azam lini. Mnyama ndiyo usiseme. Simba hakuthubutu mtu hata kumtaja. Binti yangu ndiye aliyetuokoa: alichora chui amejinyoosha ubao mzima, madoa yake meusi akayapanga pale pale zitakapokaa batani. Nikasema huyu karithi kwangu.

Kazi tukaipeleka kwa wachapaji wa stika za daladala na bodaboda. Kijana wa pale si wa kubabaisha. Ubao wa sentimita 60, kwa nukta 300 kila inchi, unadai picha yenye nukta zaidi ya 7,000 kwa upana, kwa hiyo picha iliyopitia WhatsApp aliikataa katakata, akataka faili lenyewe kwenye flashi. Jioni akapiga simu: "Shikamoo mzee wangu. Mzigo tayari. Halafu picha yako ilikuwa na uchafu uchafu mweusi, nimekusafishia. Hiyo sijakuchaji."

Chui asiye na madoa ni simba jike. Tena huyu alilala kwenye zambarau, maana bluu kali ya kwenye skrini ni mwanga, na mchapaji hana mwanga. Anachanganya wino wa samawati na majenta, na majenta ikizidi kidogo, bluu imeaga. Shemeji aliikunjua stika sebuleni, akaitazama, kisha akaniuliza kwa upole: "Shemeji, Simba wa Msimbazi wamekupa shilingi ngapi?"

Kuchapa upya ni hela, kwa hiyo tuliibandika hivyo hivyo. Matundu tuliyatafuta kwa kupapasa: unabonyeza stika kwa kidole mpaka ididimie, unaichana kwa wembe mithili ya nyota, ncha unazikunjia ndani. Ukingo wa batani hufunika yote yaliyokwenda kombo. Aliyeubuni alimfikiria mtu kama shemeji, aliyeshika wembe huku bado kanuna.

Batani zenyewe zilikuwa nyeusi. Kila moja ilipoingia, simba akapungua. Ilipoingia ya mwisho, chui alikuwa amerudi, safari hii na madoa ya kubonyezeka. Shemeji akaomba awe wa kwanza kucheza. Hata ile zambarau imeleta amani, kwa kuwa kwetu hakuna anayeshabikia timu ya zambarau.

Imebaki shida moja. Mashine ikiwaka, mikono minne humfunika chui, na wanaosubiri zamu macho yote huwa kwenye skrini. Binti ameshalalamika. Basi ukitaka kucheza, karibu wakati wowote. Ukitaka kumwona chui, njoo mchana, umeme ukiwa umekatika.