Rangi Nayo Ni Pikipiki

Aka! Mtu anakuambia rangi ya pikipiki ni urembo tu, na anakuambia hivyo akiwa nyuma ya kaunta ileile alikopokelea milioni zako. Ndilo jibu alilorudi nalo kijana wetu wa kijiwe cha Feri, Kigamboni, baada ya kuvuka pantoni na kushinda kwenye foleni ya sevisi ya duka la kampuni. Pikipiki haijamaliza hata masika moja. Tenki limeota malengelenge, fremu inatoa kutu kila palipochomelewa, madigadi ya mbele imefubaa upande mmoja. Fundi wa pale akapiga kiki, injini ikaitika, akamwambia: "Kaka, si inawaka hii? Rangi ni urembo, haimo kwenye waranti. Tena wewe unakaa Kigamboni, chumvi ya bahari hiyo." Akafuta mikono, akaita mteja mwingine.

Kijiwe kizima kilisonya. Nami naandika kwa sababu hasira ile ilikuwa ya haki, na jibu alilopewa yule kijana lina kasoro mwanzo hadi mwisho.

Pale kijiweni tunaye mzee aliyepuliza rangi za magari miaka mingi kwenye gereji za Ilala na Buguruni. Alikuja na kikombe chake cha kahawa, akainama juu ya tenki. Lengelenge kubwa liko chini ya kifuniko cha mafuta, upande wa kushoto, ndiko petroli inakochuruzikia pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni. Mzee akalibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea, tone la maji ya kutu likachungulia. Akapitisha ukucha. Rangi ikatoka kipande kizima kama ganda la yai lililochemshwa, na kando ya ile kutu chuma kitupu kikawa kinang'aa, hakina hata dalili ya praima. Mzee akasema, "Wanangu, hii haikushika tangu siku inapulizwa."

Akatueleza, na elimu hii inamfaa kila mwenye pikipiki. Rangi haishiki chuma hivihivi. Chuma kinaoshwa kwanza mpaka mafuta yote ya kiwandani yatoke, kinapitishwa kwenye dawa ya fosfeti inayosaidia rangi kushika na kuzuia kutu, kinakaushwa, kinapigwa praima, ndipo rangi, ndipo laka ya juu, kisha kinaingia kwenye tanuri. Mtu akiruka hatua moja ya chini, jicho halioni. Tenki litang'aa dukani vizuri tu. Kasoro hujitokeza baadaye, jua likishakichemsha chuma mchana na umande ukakipoza usiku, unyevu ukapenya kwenye tundu dogo na kutambaa chini ya rangi. Palipochomelewa ni pabaya zaidi: masizi na vipande vilivyorukia pembeni visiposafishwa, rangi inakaa juu ya uchafu na kutu inaanzia hapohapo. Ndiyo maana fremu ya kijana wetu imeanza kuliwa kwenye maungio, ilhali katikati ya mabomba ni nzima. Jiwe la barabarani lisingechagua maungio peke yake. Wala chumvi isingechagua.

Na hiyo chumvi yenyewe, viwanda vinaijua kuliko sisi. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 9227: bati lililopakwa rangi hufungiwa ndani ya sanduku na kupuliziwa ukungu wa maji ya chumvi kwa saa nyingi, kuona kutu itaanza lini. Kuna kingine, ISO 2409: rangi huchanjwa kwa kisu miraba midogo midogo, ukabandikwa utepe wa gundi, ukabanduliwa, kisha wanaangalia vipande vingapi vimeondoka nao. Maana yake ni kwamba anayetengeneza pikipiki anaweza kujua, kabla haijapakiwa melini, kama rangi yake itahimili Tanga, Mombasa na Zanzibar. Mwenye kuuza pikipiki Dar es Salaam, mji wa bandari, hawezi kumgeuza mteja mkosaji kwa sababu amepanga chumba karibu na bahari.

Halafu huo urembo. Fremu ya pikipiki ni bomba la chuma. Kutu ikikolea kwenye maungio yanayoushika mkono wa tairi la nyuma, kumbuka hapo ndipo unapokaa uzito wa abiria, na siku nyingine magunia mawili ya mkaa. Tenki likitoboka kwenye mshono wa chini, petroli inadondokea injini ya moto. Hata usalama ukiuweka pembeni, kuna riziki. Asubuhi abiria ameshuka kwenye pantoni ana haraka, pikipiki zimepangana, anakwenda kwenye ile iliyo safi. Siku ya kuuza, mnunuzi anazunguka tenki kabla hajauliza habari za injini. Na ukisema uipulize rangi nyingine mtaani, kadi ya usajili imeandikwa rangi yake. Trafiki akisoma nyekundu huku anaona bluu, una kesi ya kujibu.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Waranti nyingi huandikwa kwa muda na kwa kilomita, halafu panaongezwa sharti la "kinachotangulia". Chukua mfano wa mwaka mmoja au kilomita 12,000. Mtu wa kwenda kazini na kurudi, mwaka utaisha bado ana kilomita mkononi. Dereva wa bodaboda anayekimbia kilomita 120 kwa siku anazimaliza ndani ya siku 100. Karatasi imesema mwaka, yeye amepata miezi mitatu na kidogo. Kwa injini nakubali kuna hoja, pistoni na ringi zake zinachakaa kwa kukimbia. Lakini rangi haihesabu kilomita! Rangi inahesabu jua, mvua na unyevu. Tenki lisilopigwa praima lingevimba hata kama pikipiki ingelala uani mwaka mzima. Kwa nini basi kilomita za injini ziue haki ya tenki? Hili ndilo ninalotaka wenye kampuni walisikie: waranti ya rangi na fremu ihesabiwe kwa muda peke yake, na iandikwe hivyo kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, mteja aisome kabla hajatoa hela.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, na kwenye kaunta hakuna anayelizungumzia. Kijana wetu hakununua pikipiki kwa jina lake. Yuko kwenye mkataba. Tajiri ametoa fedha, risiti na kadi vina jina la tajiri, kijana anapeleka hesabu kila jioni mpaka mkataba uishe, ndipo pikipiki iwe yake. Vijiwe vingi vinaishi hivyo, na biashara hii imezidi kupanuka tangu serikali ilipoipa pikipiki ruhusa ya kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010. Basi kijana anafika kaunta, anaulizwa, "Wewe ndiye mwenye risiti?" Siye. "Mlete mwenyewe." Tajiri yuko Morogoro kwenye shughuli zake, hawezi kuja kukaa foleni kwa ajili ya malengelenge, hesabu yake inaingia. Anayebeba hasara ni yule ambaye jina lake halipo kwenye karatasi yoyote. Siku aliyoshinda foleni anadaiwa hesabu ya siku hiyo. Akiiacha pikipiki wiki nzima ili ipulizwe upya, anadaiwa wiki nzima. Ndiyo maana wengi wanaisamehe haki yao. Wananunua kopo la rangi ya kupuliza Kariakoo, wanafunika kidonda, na kutu inaendelea kutafuna chini kwa chini.

Matajiri, jamani, nawaomba. Mstari mmoja kwenye mkataba unatosha: dereva apewe barua ya kumwakilisha mwenye mali dukani, na siku pikipiki ikiwa gereji kwa kasoro ya kiwanda, hesabu isimame. Mpaka mkataba uishe, kinachooza pale kijiweni ni mali yenu.

Na madereva wenzangu nitawasema pia, kwa nia njema. Ile nailoni ambayo pikipiki hutoka nayo kwenye boksi, ibandueni siku ileile! Mtu anaiacha kwenye tenki miezi na miezi, anatunza upya. Maji yanaingia chini yake, hayana pa kutokea. Kava la tenki nalo, liwe la Simba au la Yanga, linakunywa mvua na kushika mchanga, ukiendesha linasugua. Livueni, lianikeni, futeni tenki. Zaidi ya kuharibu rangi, vitu hivyo vinampa fundi wa kaunta sababu ya kukurudisha nyumbani hata pale kosa si lako. Na siku ya kuchukua pikipiki, usikubali kuikagua chini ya taa za dukani. Itoe juani, piga magoti, tazama chini ya siti, tazama maungio ya fremu, tazama mshono wa tenki. Nyingi zinafika nchini kwenye maboksi zikiwa vipandevipande na kuungwa hapahapa, kwa hiyo mikwaruzo mingine ni ya spana za waungaji. Ukiuona mkwaruzo, uandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kabla hujasaini.

Kisingizio kingine kinachotukera ni hiki: "Umefanya sevisi mtaani, waranti imekufa." Sawa, sevisi za mwanzo zifanyike kwao, kitabu kigongwe muhuri. Lakini oili iliyomwagwa na fundi wa Toangoma imekutana wapi na praima ya tenki? Kasoro ya kiwanda ilikuwepo kabla dereva hajamjua huyo fundi. Jambo la namna hii limewakuta hata wenye pikipiki za bei ya nyumba. Juni 2022, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliichukulia hatua kampuni ya Harley-Davidson kwa masharti ya waranti yaliyowatisha wateja kwamba wakifunga vipuri visivyo vya kampuni wanapoteza haki. Kampuni ikatakiwa kuyaondoa masharti hayo na kuwaarifu wateja wake. Sheria iliyotumika kule, ya waranti za bidhaa, ni ya mwaka 1975. Watu wenye mawakili wao walihitaji serikali isimame upande wao. Dereva wa Kigamboni, ambaye akikosa siku moja ya kazi nyumbani hapaivi, anaihitaji kuliko wao.

Na sheria tunazo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika sokoni, na inamnyima mnunuzi kinga hiyo pale tu alipoikagua bidhaa na kasoro ilikuwa ya kuonekana kwa ukaguzi huo. Praima isiyokuwepo chini ya rangi inayong'aa ingeonekana kwa jicho gani? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo iliyoiunda Tume ya Ushindani, FCC, na ndani yake mna sehemu nzima za kumlinda mlaji: udanganyifu katika biashara, masharti ya mkataba yasiyo ya haki, wajibu wa watengenezaji. Jirani zetu Kenya wamelipandisha suala hili hadi kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 46, mlaji ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Kinachotuponza huku ni mazoea ya kulalamika kwa mdomo. Unamweleza fundi, fundi anasema atamwambia meneja, meneja amesafiri, ukirudi fundi amebadilishwa, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba uliwahi kufika. Huku kilomita zinasonga na waranti inaisha ukiwa bado unaambiwa urudi Jumatatu.

Kwa hiyo barua imeandikwa. Dada wa stesheneri ya jirani ameichapa bila kudai hata senti. Imetaja namba ya fremu na ya injini, tarehe ya kununua, kilomita zilizokuwa kwenye mita siku malengelenge yalipoonekana, na picha za tenki na maungio zimeambatanishwa, pamoja na ile ya kipande cha rangi kilichobanduka kikiwa kiganjani mwa mzee. Inadai tenki jipya, fremu ikwanguliwe mpaka chuma na kupakwa upya kuanzia praima, na jibu lije kwa maandishi. Tajiri ameisaini, imefika kwa basi kutoka Morogoro ikiwa na barua ya uwakilishi, na baada ya kupigiwa simu na mzee amekubali hesabu isimame pikipiki ikiwa gereji. Kijana anavuka na barua hiyo kesho asubuhi, nakala mbili mkononi, moja ya kuwaachia na moja ya kugongewa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, ataandika jina la aliyekataa na saa yenyewe, na nakala hiyohiyo itapelekwa Tume ya Ushindani na picha zake zote.