Shauri kwa Aliyeozewa na Miimo

Ndugu msomaji wa Litein, barua yako ya kurasa nne imewasili salama, nami nimeusoma ukurasa wa kwanza, ambao umenitosha kufahamu kwamba nyumba aliyokuachia marehemu babu yako imeozewa na miimo ya mlango wa mbele, na kwamba katika mashaka hayo hukumkumbuka seremala bali ulinikumbuka mimi. Umefanya la busara. Maseremala ni wengi.

Yakupasa kwanza umjue unayesema naye. Nimezaliwa Lamu, katika nyumba ambayo mlango wake wa mbambakofi, wenye mfaa wa nakshi, uliozunguka juu ya vigingi vyake wala haukujua bawaba, ulikuwa umekwisha kuvisindikiza vizazi vitatu vya ukoo wetu kwenda makaburini. Nami nilijifunza kutembea kwa kuishika miimo yake, hata naweza kudai, bila ya kujisifu, kwamba elimu ya milango niliipokea kabla sijaota meno yote. Katika Hoteli ya Chai ya Kericho, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond miaka ya 1950, nimewahi kusimama mlangoni saa nzima nikiwafafanulia wageni tofauti ya mwimo na mfaa, mpaka baadhi yao wakaomba ruhusa ya kupitia dirishani.

Basi nilipohamia nchi hii ya majani chai, ambako kwa mwaka hushuka mvua ya karibu milimita 2,000 na alasiri isiyo na ngurumo hutazamwa kwa shaka, nilistaajabu kuona watu wakiisimamisha miimo ya saipresi juu ya sakafu ya saruji, mithili ya mtu amsimamishaye mtoto dimbwini, kisha wakiwalaumu mchwa. Ubao haunywi kwa ubavu, hunywa kwa nyayo. Mishipa iliyopandisha maji mti ulipokuwa hai haisahau kazi yake, na unyevu ukizidi sehemu 20 katika 100 ya uzito wa mti mkavu, kuvu hupata riziki.

Dawa niliyoivumbua mwenyewe, ambayo husuda za watu zimeizuia kuenea, ni kuitunza miimo kama bibi wa Kikipsigis atunzavyo kibuyu cha mursik, yaani kuisugua kwa kaa la senetwet, kisha kuipaka maziwa yenyewe. Niliijaribu kwa jirani mmoja huko Kapkatet. Kwa muda wa siku arubaini miimo ilinukia vizuri mno, hata ndama wake wakakataa kwenda malishoni, wakashinda mlangoni wakilamba. Siku ya arubaini na moja fremu yote ikaanguka. Mwenye pupa atasema dawa ilishindwa. Mimi nasema ndama walizidisha mate, na jirani yule hata leo hanijibu salamu, jambo linaloonyesha jinsi elimu isivyo na shukrani.

Lakini mhariri ananionyesha saa, na katika ukurasa wa nne naona ulikuwa na swali: je, miimo yaweza kutolewa bila ya kubomoa ukuta? Yaweza. Ichome kisu: kikizama chini tu, na juu kikagonga mti mkavu, kata palipo pazima uunge mguu mpya. Ikiwa imeoza yote, tazama kwanza kama juu ya mlango pana boriti ya zege au ya jiwe, kwani katika nyumba nyingine za kale fremu ndiyo iliyoubeba ukuta, nawe ukiing'oa kabla ya kuegemeza nguzo utamfuata marehemu. Kisha kata kila mwimo katikati kwa msumeno, uvute vipande kimoja kimoja. Fremu mpya na iwe ya mtarakwa mkavu, ncha za miguu zipakwe lami, zikae juu ya jiwe, si ndani ya saruji. Tumia timazi, na upime pembe hadi pembe, kamba zote mbili zilingane, kabla ya kupiga msumari wa mwisho.

Na ule mfereji wa bati juu ya mlango, unaosema unavuja tangu Krismasi ya mwaka juzi, uuzibe kabla ya hayo yote. Ningalikuambia mwanzo, ila ukurasa wa tatu nimeusoma hivi punde.