Heri Laptopu Iliyogoma

Bibi harusi ana wa kumwimbia, mheshimiwa ana wa kumpigia makofi. Laptopu iliyogoma kuwaka haina hata wa kuitungia kibwagizo. Unabonyeza kitufe, kitaa kinawaka, feni inavuma kidogo, kisha giza. Mwenyewe anaitukana, anaipiga kofi la mgongo, anaapa kuiuza vipuri. Nami nasema hakuna mtunza amana mwaminifu kumshinda huyu anayetukanwa.

Itazame ile iliyo hai. Kidole kikiteleza, inafuta. Inapokea virusi vya kila flashi inayopita stesheneri. Inajizima katikati ya sentensi yako, eti inasasisha programu. Iliyogoma haifuti kitu. Mara nyingi kilichokufa ni njia ya umeme, au RAM, au kioo, au faili chache za Windows zilizovurugika umeme ulipokatika. Diski yenyewe imetulia ndani na mali yako yote. Fundi anafungua skrubu za chini, anaichomoa hiyo diski ya inchi 2.5, anaivalisha waya wa USB, na kompyuta ya jirani inaisoma kama flashi. Kama kilichoharibika ni Windows tu, hata skrubu haiguswi: unaiwasha kwa flashi yenye Ubuntu, unachagua kuijaribu bila kuisakinisha, na picha zako hizo hapo. Na Windows ikiwa haikuzimwa sawasawa bali ilisinzia ili iwahi kuamka, mara nyingi Ubuntu itakuruhusu kusoma tu, si kuandika. Adabu iliyoje!

Aibu yote ni ya walio hai. Mpelekee fundi mwenye haraka, hujamaliza hata kueleza, ameshatoa hukumu: “Hii tuipige Windows mpya, bosi.” Ataipiga, nayo itawaka, safi kabisa, haina hata barua moja ya kwako.

Anayedai kuwa mfu huyu hana msimamo hajakutana na BitLocker, kufuli la diski la Windows. Ing'oe diski, ihamishie utakako, bado itakudai ufunguo wa tarakimu 48, wala haijali kwamba wewe ndiye mwenye mali na risiti unayo mfukoni. Hata ile ya sahani zinazozunguka, ikianza kugonga tik, tik, inakuarifu kiungwana kwamba huenda vichwa vyake vya kusomea vimechoka: izime, acha kuijaribujaribu. (Wala usiitie kwenye friza; hiyo ni diski, si changu.) SSD, zisizo na sahani, mara nyingi hukata roho bila kuaga, na zile zilizochomelewa kwenye bodi hazichomoki. Hizo simo katika kuzisifu. Afadhali diski ya RAMAC ya IBM ya mwaka 1956: sahani 50, uzito wa karibu tani moja, kwa herufi milioni 5 tu, lakini nani angeisahau kwenye daladala?

Sifa kuu ya laptopu iliyogoma, hata hivyo, ni ya kijamii. Mweka hazina wa kamati ya harusi asimame kikaoni atangaze kwamba orodha ya ahadi imo ndani ya laptopu iliyogoma, kisha angalia nyuso. Pole zinatolewa kwa sauti nzito. Mjomba aliyeahidi mbuzi wawili na laki tatu anauliza, kwa upole usio wa kawaida yake, kama kweli kuna haja ya kumsumbua fundi wa watu. Shemeji anakumbuka kwamba alisema elfu hamsini, laki alisema nani? Shangazi anashauri mambo ya mashine aachiwe Mungu. Ukoo uliokuwa haukai meza moja sasa una kauli moja. Ni sherehe gani iliyowahi kuwapatanisha hivyo?

Ndipo fundi anapiga simu. Diski imesoma, faili ya Excel ipo, majina yote yapo, hadi tarehe za ahadi. Mweka hazina anamgeukia mjomba, na mjomba yuko mlangoni anatafuta viatu.