Maji Yanakwenda Wapi

Tangu Jumamosi mama mkwe hapokei simu yangu. Mke wangu anasema simu ya mama inasumbua chaji. Nimegundua kwamba chaji hiyo husumbua nikipiga mimi tu.

Katika sendofu ya shemeji yangu nilikuwa nimepewa jukumu moja: kumfikisha mama mkwe na mashangazi wawili ukumbini Mbezi, mapema na wakiwa wamependeza. Tuliondoka Magomeni jua likiwa bado kali. Mama mbele, mashangazi nyuma, vitenge vya sare vimepigwa pasi, vilemba vinagusa dari. Daraja la Kijazi pale Ubungo tulilipita kwa raha. Mwinuko wa kuelekea Kimara ndio ulioleta maneno. Foleni ilitukaba, gari likawa linasogea kidogo na kusimama, na kwenye deshibodi mshale wa joto ukaanza kunyanyuka taratibu, kama mgeni anayetaka kuaga lakini hajui aanzie wapi.

Mwenye gari kuukuu anajua la kufanya hapo. Unazima kiyoyozi, unashusha vioo, unafungulia hita hadi mwisho. Ndiyo, hita, Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Niliyafanya yote bila kutoa maelezo. Mkwe haambiwi kwamba gari alilopanda linataka kuchemsha. Mkwe huulizwa habari za migomba.

"Baba," akasema mama baada ya kitambo, akijipepea na kadi ya mwaliko, "huu upepo mbona wa jikoni?"

"Unapita, mama."

Haukupita. Poda ilianza kuteremka mashavuni, nyusi za shangazi mkubwa zikahama makao. "Tungejua," akasema, "tungeibeba ndafu humu humu. Ingefika imeiva."

Nisikilizeni lakini: mshale ulikuwa unashuka! Niliuona kwa macho yangu ukirudi katikati, nikafurahi peke yangu mle ndani. Kisha kukasikika sauti ya kitu kupumua nyuma ya deshibodi. Kioo cha mbele kikafunga ukungu, harufu tamutamu ikajaa, na chini ya miguu ya mama likaanza kutiririka jambo lenye moto na rangi nyekundu.

"Damu!" akapiga kelele shangazi mdogo.

Ilikuwa kulanti. Namshukuru Mungu kwamba mama alikuwa amevua viatu na kukunja miguu kitini ili ipumzike. Miguu ilinusurika. Viatu, vya rangi ya dhahabu, vilivyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo, vilijaa.

Tukashuka. Mabasi ya mwendokasi yalipita kwenye njia yao, abiria wamebanana hadi milangoni, wengine hawana hata pa kushika, na wote wakatutazama kwa huruma. Kijana wa maji ya chupa aliuona mvuke kabla yangu, na bei ikapanda palepale. Mpita njia mwingine alikuja amejifunga tambara mkononi, akitaka kufungua kifuniko cha rejeta, ikabidi nimzuie kwa mwili. Mama mkwe alifika ukumbini kwa bajaji, amevaa ndala za kando ya barabara. Mimi nilifika keki ikiwa imeshakatwa, na hakuna aliyenipa nafasi ya kueleza. Basi naeleza hapa.

Hita ya gari ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya deshibodi. Maji ya moto ya injini hupitishwa humo, feni inapuliza, ninyi mnapata joto. Gari langu liliundwa Japani mwaka 1997 kwa ajili ya watu wanaokutana na theluji, kisha likaletwa kuishi katika jiji ambalo mtu akivaa sweta anaulizwa anaumwa nini. Kwa injini, kila joto linaloingia ndani kwa abiria ni joto lililoondoka kwake, ndiyo maana hita humwokoa aliyekwama kwenye foleni. Lakini hita yangu ilikuwa imefungiwa kwa miaka, na maji yaliyolala ndani yake yalikuwa yameanza kuila alumini taratibu, maana kulanti ikizeeka hupoteza ile dawa yake ya kuzuia kutu. Siku niliyoihitaji ikapasuka.

Hata hivyo hita haikuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa na miezi. Kila asubuhi nilikuta maji ya tangi la akiba yamepungua, nikiinama chini ya gari sakafu ni kavu. Maji yanakwenda wapi? Hili swali lilinikosesha usingizi, na sisemi hivyo kwa kupamba. Nilikuwa nashuka na tochi saa saba usiku, mlinzi wa nyumba ya pili ananimulika kwa tochi yake.

Jibu lake, nilipokuja kulijua, lilinipendeza kuliko nilivyotaka. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Kile kifuniko cha rejeta kinachoonekana kama cha chupa kubwa ni vali mbili zilizopandishwa moja ndani ya nyingine. Kimeandikwa juu 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni mgandamizo kinaoutunza kabla ya kuachia. Maji yaliyobanwa kwa 0.9 hayachemki kwenye nyuzi 100. Huvumilia hadi karibu nyuzi 120. Bila ubanaji huo tungekuwa tunachemsha kila siku, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo mambo yanavyoharibika: pale Iringa, mita zipatazo 1,600 juu ya bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini ikipata moto, maji yanatanuka, vali ya kwanza inaachia kidogo kuelekea tangi la akiba. Injini ikipoa usiku, vali ya pili inayanyonya kuyarudisha. Rejeta inavuta pumzi na kuitoa, siku nzima, na sisi tuko juu tunasikiliza taarabu. Ndiyo maana pia yule mwenye tambara nilimkumbatia kwa nguvu vile. Ukifungua kifuniko kikiwa cha moto unaondoa ubano kwa ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke usoni pako.

Sasa fikiria ufa mdogo kwenye mfumo wa namna hiyo. Gari likiwa baridi hakuna kinachosukuma, ufa umefumba. Gari likiwa la moto ufa unafumbuka, maji yanatoka kwa mnyunyizo, yanaangukia chuma cha moto na kukauka kabla hayajaiona ardhi. Anayetafuta majimaji hapati kitu. Unatakiwa utafute ukavu: utando mweupe au mwekundu kwenye maungio ya mipira, mstari wa chumvichumvi ubavuni mwa rejeta. Na mimi nilikuwa natafuta usiku wa manane, injini ikiwa ya baridi, yaani katika saa pekee ambayo uvujaji wenyewe ulikuwa mapumzikoni.

Mafundi je? Nilikuwa nao, na wengi.

Wa kwanza aliangalia kwa sekunde kadhaa akasema, "Bosi, tubadilishe kifuniko kwanza, halafu tuone." Kifuniko kilichokuwepo kilikuwa cha 0.9. Akafunga cha 1.1, akanieleza kwa fahari kwamba hicho ni kikali zaidi. Kikali kweli: rejeta ya miaka zaidi ya ishirini ikaongezewa mgandamizo, na ufa ambao ulikuwa unajikongoja ukapata nguvu mpya. Wa pili aliondoa themostati, akaishika mkononi kana kwamba ametoa risasi mwilini mwa askari. "Hizi ni za nchi za baridi." Si kweli. Ndani ya themostati mna kidonge cha nta. Maji yakifika nyuzi 82 au zaidi kidogo, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma kijiti na mlango wa kwenda kwenye rejeta unafunguka. Ni kifaa bila waya, bila betri, kinachotegemea tu ukweli kwamba nta ikiyeyuka inataka nafasi. Mimi nakiona ni kizuri sana. Ukikiondoa, injini inakimbia ikiwa baridi na kunywa mafuta, na katika injini nyingine sehemu ya maji ya moto hupata njia ya mkato na kurudi yalikotoka bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Nilikirudisha mwenyewe.

Wa tatu alibadilisha pampu ya maji. Pampu hiyo ina kitundu kidogo chini, kilichowekwa makusudi kiwandani: sili ya ndani ikichoka, maji hudondokea hapo ili ujue. Kitundu cha pampu yangu kilikuwa kikavu tangu mwanzo. Nilimwonyesha. "Tuone tu, bosi."

Wa nne akasema gasketi ya silinda hedi.

Hapa sicheki tena. Anayekwambia gasketi ya hedi anakwambia ufungue injini, hedi ipelekwe kusagwa, mnunue gasketi, mwombe Mungu. Kuna dalili zake: oili inageuka kama imetiwa maziwa, moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto, rejeta inatoa mapovu. Kuna hata dawa ya maji ya buluu unayoiweka kwenye chombo juu ya mdomo wa rejeta. Hewa ya moshi wa injini ikipenya kwenye maji, dawa inageuka njano. Na kwa kuvuja kwa kawaida kuna pampu ndogo ya mkono yenye geji: unaifunga mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi, unajaza hewa hadi ile namba ya kifuniko, kisha unakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuangalia. Mshale wa geji ukishuka kuna tundu, na sasa tundu linavuja mbele yako, bila moto, bila kujificha. Katika gereji zote nilizopita sikukiona kifaa hicho hata kwa kuazima. Kipimo kilikuwa pochi yangu. Kila spea iliyobadilishwa bure nililipa mimi, na hakuna hata moja iliyorudishwa dukani ilipoonekana haikuwa na kosa. Aliyeingiza gari hili nchini alishatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu wake, akauhamishia kwenye bei, nikaulipa. Uchakavu wenyewe nikauanza upya, kwa fedha taslimu. Na hawa mafundi si wavivu. Wanaamka kabla yangu, wanalala chini ya magari ya watu kwenye mchanga, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kupima kwa kuwa mteja hakubali kulipia kupimwa. Mteja hulipia kitu kinachoshikika. Hasira yangu haina pa kukaa, na hilo linaniudhi zaidi.

Jirani alileta yai. Ute mbichi wa yai, alisema, ukiingia kwenye ufa wenye moto unaiva na kuziba. Uliiva kwenye mpira wa juu.

Jumatatu, baada ya sendofu, nikaenda Gerezani. Mzee mmoja wa rejeta hakuuliza historia. Aliing'oa, akaziba midomo yake yote kwa vipande vya mpira, akaacha mmoja, akauunganisha na pampu ya baiskeli, kisha akaizamisha rejeta nzima kwenye karai la maji. Kijana wake akapampu. Tukainama watatu. Mapovu madogo yakaanza kupanda, mfululizo, kutoka chini ya tangi la plastiki la juu, pale linapobanwa na meno ya alumini.

"Huyo hapo," mzee akasema.

Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, fundi akiona tundu anachomea risasi na mambo yamekwisha. Hizi zina matangi ya nailoni, na nailoni ikipikwa miaka mingi hubadilika rangi ikawa kahawia na kukakamaa. Alilikwaruza langu kwa ukucha, likamomonyoka. Akatafuta tangi zima kwenye rejeta nyingine iliyokufa, akaweka mpira mpya, akayarudisha meno moja moja kwa koleo, na kunifungia kifuniko cha 0.9. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo kuliko ya ile pampu ya maji isiyokuwa na hatia. Hita akaikata kwenye mzunguko kwa kipande cha bomba. "Utaihitaji lini?" aliuliza, nami sikumjibu.

Ndoo ya vipuri vilivyobadilishwa iko uani. Zulia halijakauka bado. Mashangazi wamefungua kundi la mazungumzo ambalo mimi simo.

Maji ya tangi la akiba hayajapungua tena. Ila kiyoyozi sasa nakiwasha bila hofu, na kwa unyevu wa hewa ya Dar es Salaam kinakamua maji kutoka hewani na kuyadondosha chini kupitia bomba lake, safi, baridi, yasiyo na rangi wala harufu, jinsi kinavyotakiwa. Jana benki mlinzi alinifuata hadi mlangoni.

"Bosi, gari inavuja maji."

Nikamweleza kwamba hayo ni ya kiyoyozi. Nikarudi naye, nikakinga tone kwenye karatasi nyeupe, nikamwonyesha halina rangi, nikamweleza habari ya mvuke na hewa ya baridi, nikagusia na vali mbili za kifuniko. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Sawa, bosi," akasema. "Nina ndugu yangu fundi."