Kikao cha Dharura Chini ya Boneti

Injini ya 22R, ambayo Toyota iliifunga kwenye pikapu nyingi za Hilux katika miaka ya 1980, ina silinda nne zenye ujazo wa jumla wa sentimita 2,366 za ujazo, na silinda hizo hupokea moto kwa zamu isiyobadilika, yaani ya kwanza, ya tatu, ya nne, kisha ya pili. Zamu mojawapo inapopita bila mchanganyiko wa petroli na hewa kuwaka, mafundi husema injini inamisi, naye dereva huhisi gari likitetemeka kama mwenye homa. Katika gereji bubu moja ya Dar es Salaam, ambako pikapu ya aina hiyo ililazwa chini ya mwarobaini, viungo vya injini viliitisha kikao cha dharura usiku, na kwa kuwa vilikuwa vimesikiliza redio ya dereva kwa miaka mingi na kuizoea lugha ya wakubwa, kila mjumbe alijitaja kwa cheo chake, maana katika vikao vya namna hiyo hakuna mtu anayetenda jambo, bali ofisi ndizo hutenda.

Kiti alikikalia Betri, si kwa hekima yake, bali kwa sababu bila yeye hakuna mjumbe ambaye angeamka.

"Wajumbe, ajenda ni moja," alisema Betri. "Pikapu inamisi. Mwenyekiti anapendekeza Plagi wawajibishwe, kama ilivyo ada, ili kikao kifungwe mapema."

"Hoja inaungwa mkono," alidakia Koili, ambaye kazi yake ni kuzipokea volti 12 za Betri na kuzipandisha hadi maelfu ya volti yanayotosha kurusha cheche katika mwanya wa plagi, na ambaye kwa sababu hiyo hajawahi kuzungumza kwa sauti ya chini.

Plagi wa Silinda ya Tatu aliomba nafasi. Alikuwa mpya kiasi kwamba maandishi kwenye kauri yake yalikuwa bado yanasomeka.

"Ndugu Mwenyekiti, Plagi anaomba ikumbukwe kwamba seti iliyomtangulia iliondolewa kwa tuhuma hizi hizi, na iliyoitangulia hiyo pia, na pikapu ikaendelea kumisi. Plagi ndiye mjumbe pekee anayefunguliwa kwa dakika chache akiwa ametoka ndani ya chumba cha mwako, na uso wake ni taarifa ya yaliyotokea humo: ukiwa na rangi ya kahawia iliyofifia, mwako ni mzuri, ukiwa na masizi makavu, petroli imezidi hewa, ukiwa mweupe wenye vipele, joto limepita kiasi, ukinata oili, basi huenda ringi za pistoni zimechoka. Wazee waliotupwa jalalani walikwenda na taarifa hizo, na hakuna aliyewatazama."

"Kikao hakijaita shahidi," alijibu Betri. "Kimeita mtuhumiwa."

Jibu hilo, ambalo halikuandikwa kwenye muhtasari, linaeleza sehemu kubwa ya bili za gereji, kwa kuwa plagi huadhibiwa si kwa sababu ushahidi umeielekea, bali kwa sababu ni rahisi, hupatikana katika kila duka la spea, na spana huifikia bila kufungua kitu kingine chochote cha maana.

Koili, alipoona shahidi anasikilizwa, alihamishia lawama kwa Mzee Kabureta, anayechanganya petroli na hewa. Kabureta akaihamishia kwa Petroli, akidai kwamba amechanganywa na mafuta ya taa.

"Petroli anauheshimu sana umri wa Mzee Kabureta," alisema Petroli, "lakini tangu mwaka 2010 mafuta huwekwa vinasaba, yaani kemikali ya siri inayomwezesha mkaguzi kutambua yaliyochakachuliwa, na isitoshe, mafuta mabaya yangezisumbua silinda zote nne. Iweje aumwe mmoja na watatu wacheke?"

Hoja hiyo ilikuwa nzito kuliko zote zilizotangulia, kwa kuwa ilitenganisha kosa la wote na kosa la mmoja, na uchunguzi wowote usioanza na mgawanyo huo ni kamari. Ndipo Koleo, mzee mwenye mikono iliyovikwa mpira, alipotoa taarifa ya alasiri: fundi alipoichomoa waya ya silinda ya kwanza injini ikiunguruma, mngurumo ulishuka, na vivyo hivyo kwa ya pili na ya nne, ishara kwamba silinda hizo zilikuwa kazini, lakini alipoichomoa ya tatu, hakuna kilichobadilika, kwa kuwa asiyefanya kazi hakosekani.

"Basi ni Waya wa Tatu," alisema Koili.

"Waya anaomba taa izimwe," alijibu Waya. Ilikuwa giza tayari, na hakuna cheche ya buluu iliyoonekana ikitambaa ubavuni mwake wakati wa majaribio ya jioni, hata alipopuliziwa umande wa maji, jambo ambalo kwa waya iliyopasuka huonyesha moto ukikimbilia kwenye chuma cha injini badala ya kwenda kwenye plagi. Mpira wa Vakyumu, unaopitisha ombwe la manifoldi, alikaguliwa pia, kwa kuwa ukipasuka huingiza hewa isiyopimwa na injini humisi zaidi inaponguruma polepole. Naye alikuwa mzima.

"Plagi anaongeza jambo moja," alisema Plagi wa Tatu. "Alipobadilishana nafasi na Plagi wa Pili, kosa halikumfuata, lilibaki silinda ya tatu."

Kikao kilinyamaza, na katika ukimya huo Betri alitumia nafasi kuipongeza Valvu ya Kutolea Moshi ya silinda hiyo hiyo, ambayo, tofauti na wenzake wanaogongagonga kila asubuhi, ilikuwa miezi mingi haijatoa sauti. Katibu aliandika: nidhamu ya mfano.

Geji wa Kompresheni, mgeni aliyeazimwa gereji ya jirani ili apime mgandamizo ndani ya silinda, alikohoa.

"Mgeni anaomba radhi. Silinda za injini hii zikiwa na afya hutoa takriban 171 psi, na chini ya 142 huhesabiwa mgonjwa. Mchana mgeni alisoma 165, 162, 85 na 164. Fundi akamimina oili kidogo katika silinda ya tatu, kwa sababu oili huziba ringi zilizochakaa na kupandisha namba. Ikapanda hadi 88 tu. Majirani wake wawili ni wazima, kwa hiyo gasketi ya silinda hedi iliyo kati yao haina dalili. Anayebaki ni valvu."

"Valvu aliyepongezwa?" aliuliza Kabureta, akijitahidi kuficha furaha.

"Ndiye. Kati ya valvu ya kutolea moshi na kinachoisukuma hutakiwa mwanya wa milimita 0.30 injini ikiwa ya moto. Kadiri valvu inavyoliwa na kuzama katika kiti chake, mwanya hupungua, makelele hukoma, na mwishowe valvu haikai sawasawa kitini, ikashindwa kukipokeza joto lake, ikaungua ukingoni. Asiyesikika alikuwa anaungua."

Betri aliuliza dawa yake ni nini. Aliposikia kwamba silinda hedi ifunguliwe, valvu mpya isagwe ikae kitini, gasketi ibadilishwe na tapeti zote zisetiwe upya kwa fila geji, yaani vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, alitangaza kwamba akidi haijatimia.

Alfajiri fundi alifika na kiboksi cha plagi mpya nne. Alimfungua Plagi wa Tatu, aliyeloa petroli ambayo haikuwaka, akamfuta uso kwa kitambaa hadi akang'aa, akamwangalia, akatikisa kichwa na kumtupa. Pikapu iliwashwa, ikamisi, naye Koili akaomba kikao kijacho kimjadili Kabureta.